Nyumba ya kufungwa nayo inakula makuta

Mfanyakazi mwenzetu mumoja, kisha miaka 19 ya kazi chini ya udongo, alipokea dekonti yake na akanunua nyumba mu kambi moja ya zamani, huko Likasi. Nyumba ilikuwa ya kufungwa tangu miaka 7. Mwenyeji wake alikufa, watoto wakaenda Lubumbashi na Kolwezi, funguo zikabaki kwa jirani. Bei ilikuwa muzuri. Komishonere akasema: «Baba, hapa hakuna neno.» Miezi 3 kisha, agenti wa kodi akabisha ku mlango na karatasi: impôt foncier ya miaka yote 7, pamoja na adhabu za kuchelewa.

«Lakini hakuna mtu alikaa humu!» mama wa nyumba alisema. Wengi wetu tunawaza vile: nyumba bila mtu haina kodi. Si hivyo. Ordonnance-loi n° 69-006 ya tarehe 10 Februari 1969 inaweka kodi juu ya nyumba na parsele, hata parsele yenye haijajengwa. Haiulizi kama moshi inatoka ku jikoni. Leo kodi hiyo ni ya provinsi, na isipolipwa, adhabu inapanda mwezi kwa mwezi. Nyumba ya kufungwa haileti hata franka moja, lakini deni yake hailale.

Sasa nani analipa? Kodi ni ya mwenye mali. Kwa hiyo miaka ya mbele ya kununua ni ya mwenyeji wa zamani. Lakini muuzaji amekwisha kwenda; nyumba njo inabaki, na ndani yake uko weye. Kama mikononi una kakaratasi ka mauzo tu, bila tarehe ya wazi na bila mashahidi, utaonyesha nini? Tena, kwa sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973, haki juu ya parsele inahakikishwa na certificat d'enregistrement. Mpaka jina lako liandikwe pale, ku bureau wanajua mwenyeji wa zamani tu.

Mwenzetu alikosa tena jambo lingine. Juu ya woga, alitia dolari 200 mu mkono wa agenti, bila reçu. Kisha, agenti mwingine akakuja na deni ileile. Zile 200 zilikuwa makuta ya masomo ya watoto.

Sisi wa sendika tulikaa naye, tukamusaidia kuandika réclamation na kuunga kopi ya acte de vente. Jibu tunangojea bado. Lakini kwa wale wenye kukaribia kupata dekonti, tunasema hivi.

Mbele ya kutoa hata dolari moja, uliza muuzaji reçu za impôt foncier, na za SNEL na REGIDESO. Kama hana, enda naye ku bureau ya kodi ya provinsi, mujue deni ni ngapi. Deni hiyo itoke mu bei, na iandikwe mu acte de vente nani atailipa. Kama ni nyumba ya marehemu, wariti wote watie sinyatiri. Kisha kununua, fanya mutation mbio. Usingoje kukamilisha paa na rangi. Na usilipe mtu mu mkono: lipa ku benki au ku guichet, chunga kila reçu.

Kwa wakubwa wa provinsi nao tuna neno: mubandike bei za kodi ku kila komini, mu Kiswahili, na kila agenti avae karte yake. Mfanyakazi hakatai kulipa. Anakataa kulipa mara mbili.

Wandugu, mulete karatasi kwa delege wa sendika mbele ya kutia sinyatiri, si kisha. Dekonti tunaipata mara moja tu.