Ramani bila mpangilio humpoteza msafiri

WANAOTUMIA vifaa vya GPS pamoja na tarakilishi mara nyingi hujikuta na ramani tele, lakini wasiipate ile wanayoihitaji kwa wakati ufaao.

Hali hiyo ikimfika mwenye kupanga safari ya starehe, hasara yake ni muda tu. Ikiwafika waokoaji wanaomtafuta aliyepotea mlimani, huenda ikagharimu uhai.

Ramani zinazohusika hapa ni zile zilizochapishwa kwenye karatasi, kisha zikapitishwa kwenye skana na kuwa picha. Mathalan, zipo zile za Idara ya Upimaji wa Ardhi ya Kenya zenye kipimo cha 1:50,000, ambapo sentimita mbili ni sawa na kilomita moja. Kila karatasi hufunika eneo la takriban kilomita 28 kila upande, hivyo safari ya siku mbili yaweza kuhitaji karatasi nne au zaidi.

Picha peke yake haijui iko wapi duniani. Kwa sababu hiyo, programu kama OziExplorer, iliyobuniwa nchini Australia, huiambatanisha na faili ndogo ya maandishi yenye tamati ya .map. Humo huandikwa jina la picha, mahali ilipohifadhiwa, na vipimo vya latitudo na longitudo vya pembe zake.

Hapo ndipo wengi huteleza. Mtumiaji akiihamisha picha au kuibadilisha jina bila kuigusa faili ya pili, programu huitafuta mahali isipokuwepo, na ramani haifunguki. Faili hizo mbili ni kama kinu na mchi: sharti zikae katika folda moja na kubeba jina moja.

Jina nalo lina kanuni zake. Karatasi ya Nairobi hujulikana kama 148/4, na ile ya Mlima Kenya 121/2. Nambari ya kwanza hutaja mraba mkubwa. Ya pili hutaja robo yake, ambapo 1 ni kaskazini-magharibi, 2 kaskazini-mashariki, 3 kusini-magharibi na 4 kusini-mashariki.

Hata hivyo, mfumo wa Windows haukubali mkwaju katika jina la faili. Badala yake hutumiwa kistari, mathalan 148-4-Nairobi. Karatasi ambazo nambari zake hazifiki 100 zitangulizwe sufuri, ili orodha ifuate utaratibu na 98 isiangukie nyuma ya 148. Aidha, ni vyema kuongeza mwaka wa toleo, kwa kuwa barabara nyingi za leo hazimo katika ramani za zamani.

Folda zenyewe zigawanywe kwa kipimo: zile za 1:250,000 mahali pake, na za 1:50,000 pake. Zote ziwe chini ya folda moja kuu, ambayo programu huelekezwa kuikagua. Baada ya hapo, mtumiaji akibofya mahali fulani, programu humwonyesha ramani zote zinazopafunika, naye huchagua yenye maelezo zaidi.

Fauka ya hayo, kuna kosa lisiloonekana kwa macho. Ramani hizo za Kenya zilichorwa kwa kufuata msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali vifaa vya GPS hutumia WGS 84. Anayeiandalia picha faili ya .map akichagua msingi usiofaa, ramani itafunguka vizuri, lakini itamwonyesha msafiri takriban mita 300 kutoka alipo.

Kwenye karatasi ya 1:50,000, umbali huo ni milimita sita tu. Mlimani, katika ukungu, milimita hizo sita zaweza kuwa tofauti kati ya njia na genge.

Kwa hivyo, kila ramani mpya yafaa ijaribiwe kabla ya kutegemewa. Mtumiaji asimame mahali panapojulikana, kama vile makutano ya barabara, asome vipimo vya GPS, kisha atazame iwapo alama inaangukia papo hapo kwenye ramani. Ikikosea, arekebishe faili ya .map.

Kazi hiyo ikikamilika, folda kuu inakiliwe nzima kwenye diski nyingine, picha na faili zake zikiwa pamoja. Anayenakili picha pekee atalazimika kuanza upya kupima pembe za kila karatasi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mwenye ramani, anayepotea huenda akawa ni yeye mwenyewe.