Bitireti: Ukubwa wa Faili na Ubora wa Video

Tuseme mmemrekodi mwalimu wa Kemia akifanya jaribio la titresheni katika maabara ya shule yenu, Ifakara. Video ina dakika 10 na faili lake lina MB 1,200. Mwenzako aliyeko Mlimba anaihitaji ajiandae na mtihani wa vitendo, lakini simu yake imebakiwa na nafasi ya MB 200 tu. Utalipunguzaje faili hilo bila kupoteza vistari vya bureti, ambavyo ndivyo anavyotakiwa kujifunza kuvisoma? Jibu limo katika bitireti.

Maana

Bitireti ni idadi ya biti zinazotumika kuhifadhi sekunde moja ya video au sauti. Hupimwa kwa kilobiti kwa sekunde (kb/s) au megabiti kwa sekunde (Mb/s). Zingatia: b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti, na baiti 1 ina biti 8.

Kanuni

Ukubwa wa faili (MB) = bitireti (Mb/s) × muda (sekunde) ÷ 8

Dakika 10 ni sekunde 600. Kwa bitireti ya jumla, yaani picha na sauti pamoja:

- 16 Mb/s: 16 × 600 ÷ 8 = MB 1,200
- 2 Mb/s: 2 × 600 ÷ 8 = MB 150
- 0.5 Mb/s: 0.5 × 600 ÷ 8 = MB 37.5

Kwa hiyo 2 Mb/s inatosha kuingia kwenye simu ya mwenzako. Sauti ya 128 kb/s huchukua MB 9.6 tu kati ya hizo 150. Sehemu kubwa ya faili ni picha.

Kwa nini usichague 0.5 Mb/s?

Kodeki kama H.264 haihifadhi kila fremu nzima. Huhifadhi picha kamili mara mojamoja, kisha hurekodi mabadiliko tu. Biti zikiwa chache mno, kodeki hulazimika kutupa taarifa, ikianza na vitu vidogovidogo. Vistari vya sm³ 0.1 kwenye bureti huungana, tarakimu hufifia, na sehemu zenye mwendo hugawanyika vijiraba. Mwalimu ataonekana, lakini kipimo hakitasomeka. Faili litakuwa dogo, na halitamsaidia mwenzako.

Kinachorekodiwa nacho kina uzito wake. Mtu aliyesimama mbele ya ubao hubadilika kidogo, hivyo hutosheka na bitireti ndogo. Maji ya Mto Kilombero wakati wa masika, au shamba la mpunga likiyumba kwa upepo, hubadilika karibu kila mahali katika kila fremu. Bitireti ileile itaonyesha ukungu.

Angalia pia idadi ya pikseli. Picha ya 1920 × 1080 ina pikseli 2,073,600. Ya 1280 × 720 ina 921,600, pungufu ya nusu. Kama bitireti ni ndogo, mara nyingi 1280 × 720 huonekana safi zaidi, kwa sababu kila pikseli hupata biti nyingi zaidi.

Makosa ya kawaida

1. Kupandisha bitireti ili kurudisha ubora. Taarifa iliyotupwa hairudi. Ukibadilisha faili la 0.5 Mb/s kuwa 8 Mb/s, utapata faili kubwa lenye picha mbovu ileile.
2. Kubadilisha faili lililokwisha kubadilishwa. Kila mara hupotea kitu. Anzia kwenye faili la awali, na usilifute kabla ya kuitazama nakala mpya.
3. Kusahau kugawanya kwa 8. Jibu lako litakuwa kubwa mara nane.

Kabla ya kutuma, simamisha video pale bureti inaposomwa. Kama wewe huwezi kusoma kipimo, mwenzako naye hataweza.

Swali la kujipima

Kadi ina nafasi ya MB 300. Somo ni la dakika 20 na sauti ni 128 kb/s. Tafuta bitireti kubwa kabisa ya picha.

Jibu

Muda = 20 × 60 = sekunde 1,200
Bitireti ya jumla = 300 × 8 ÷ 1,200 = 2 Mb/s
Bitireti ya picha = 2 − 0.128 = 1.872 Mb/s

Katika kazi halisi chagua 1.8 Mb/s, ili ibaki nafasi kidogo.