Kadi Mia Kabla ya Elfu

Mchoraji anayepeleka picha yake kwa mpiga chapa ili itengenezewe kadi za salamu huulizwa kwanza anataka kadi ngapi, na mara nyingi bei ndiyo humjibia. Akitajiwa kwamba kadi 1,000 zitashusha gharama ya kila moja hadi sehemu ndogo ya ile atakayolipa kwa kadi 100, huona kuagiza chache ni kutupa fedha. Naamini kinyume chake. Oda ya kwanza ya kazi yako mwenyewe inapaswa kuwa ndogo, tena itanguliwe na sampuli iliyochapwa kwenye karatasi ileile itakayotumika, hata kama kila kadi itakugharimu mara tatu zaidi. Sababu kubwa ni kwamba picha hubadilika inapohamia kwenye karatasi, na hakuna anayeweza kusema kwa uhakika itakuwaje mpaka aishike.

Tuanze na bei yenyewe, maana ndiyo inayowatega wengi. Mashine ya ofseti huhitaji pleti nne, moja kwa kila wino, na fundi hupoteza muda na karatasi kadhaa kabla rangi hazijakaa sawa. Kazi hiyo ya maandalizi ni ileile uchape nakala 50 au 5,000, ndiyo maana bei ya nakala moja hushuka kadiri idadi inavyopanda. Mashine ya dijitali haina pleti. Nakala ya kwanza na ya mia zinakaribiana gharama. Tuseme, kwa mfano tu, kadi 1,000 zinachapwa kwa shilingi 400 kila moja na kadi 100 kwa shilingi 1,200. Oda ya kwanza ni shilingi 400,000, ya pili ni 120,000. Ukiuza kadi 80, kila iliyouzwa imekugharimu shilingi 5,000 katika oda kubwa na 1,500 katika oda ndogo. Kwa asiyejua bado soko lake, gharama ya kadi iliyouzwa ndiyo hesabu ya kufuata, na hiyo haiandikwi kwenye ankara ya kiwanda chochote.

Suala la rangi ni zito zaidi, na mfano mzuri tunao nyumbani. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufariki mwaka 1972, alitumia rangi za mafuta zinazong'aa, zile za kupaka baiskeli, juu ya vipande vya mbao laini za viwandani. Waliomfuata wameendelea na mng'ao huo, na ndio unaowavuta wanunuzi. Lakini mng'ao huohuo ni mtihani kwa anayetaka kadi. Ukipiga picha ya ubao huo chumbani chini ya taa, utapata doa jeupe la mwanga katikati ya mgongo wa chui. Utoe ubao nje, uuweke kivulini au usubiri siku ya mawingu, kisha kamera iukabili moja kwa moja bila kuinama, la sivyo mraba utatoka umepinda. Mchoro mdogo wa rangi za maji au wa kalamu upeleke kwenye skana, utapata matokeo bora kuliko simu.

Hata picha ikipigwa vizuri, kioo cha simu huunda rangi kwa mwanga na mashine huziunda kwa wino wa samawati, majenta, njano na mweusi. Kuna rangi ambazo mwanga unazimudu na wino hauzimudu: machungwa makali, kijani cha majani machanga, buluu iliyoiva. Zikifika kwenye karatasi hufifia kidogo, wakati mwingine sana. Hapo fundi hana kosa, na kumgombeza hakusaidii. Kinachosaidia ni kuiona sampuli mchana, ukiwa na mchoro wenyewe pembeni, na kuamua kama chui aongezewe njano au mandhari ipunguzwe giza. Anayeidhinisha oda ya kadi 1,000 kwa kuangalia skrini ameidhinisha kitu ambacho hajakiona.

Na faili unayoituma iwe na uzito wa kutosha. Kadi iliyokunjwa ya ukubwa wa A6 ina upana wa milimita 105 na urefu wa milimita 148. Ili ichapwe kwa nukta 300 kwa kila inchi inataka picha yenye pikseli zipatazo 1,240 kwa 1,748, na zaidi kidogo kwa sababu mpiga chapa huhitaji milimita 3 za ziada kila upande unaokatwa. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza sehemu ya undani wake. Itume kama dokumenti, au ipeleke kwenye flashi. Kisha fikiria umbo. Michoro mingi ya Tingatinga ni ya mraba, ilhali kadi zilizozoeleka ni za mstatili. Ama utakata masikio ya mnyama, ama utaacha ukingo mweupe, ama utaagiza kadi ya mraba ambayo bahasha yake ni shida kupatikana. Mimi ningeacha ukingo mweupe: unaipa picha nafasi ya kupumua, na hakuna kinachokatwa. Lakini bahasha inunuliwe kwanza, kadi ifuate. Kadi ya A6 huingia vizuri kwenye bahasha ya C6, yenye milimita 114 kwa 162.

Karatasi ya gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba inatosha. Karatasi nzito hivyo lazima ipigwe mstari wa mkunjo kabla ya kukunjwa, vinginevyo wino hupasuka mgongoni na weupe hujitokeza, jambo linaloonekana vibaya zaidi picha yenye mandhari ya giza inapozunguka hadi nyuma. Ndani kusiwe na utando wa plastiki unaong'aa, maana kalamu haishiki juu yake, na kadi isiyoandikika si kadi ya salamu. Haya yote hugunduliwa kwenye sampuli moja, kwa gharama ndogo.

Oda ndogo ina faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Karatasi kubwa ya mashine ya dijitali, yenye milimita 320 kwa 450, hutosha kadi nne za A6 zikiwa bado hazijakunjwa. Kwa hiyo kadi 100 ni karatasi 25, na kila karatasi inaweza kubeba picha nne tofauti. Kwa fedha zilezile unapata picha nne, kadi 25 kila moja, na baada ya msimu wa sikukuu utajua kama watu wanampenda chui, mandhari ya soko, au jahazi. Ujuzi huo ukishaupata, pleti za ofseti na kadi 1,000 zitakuwa na maana, kwa sababu utakuwa unachapa picha ambayo watu wameshaichagua.

Mwingine atasema kadi hazioliwi na mchwa kwa mwaka mmoja, zikae tu zitauzwa. Anayeishi Zanzibar, Mombasa au Dar es Salaam anajua unyevu wa pwani unavyokunja karatasi na kugandisha bahasha zenye gundi kabla hazijatumika. Na mtaji uliolala kabatini ndio ambao ungenunua rangi na mbao.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la simu. Salamu za Idi na Krismasi husambazwa bure, na hata kadi za mwaliko na za mchango wa harusi, ambazo kwa miaka mingi zimewapa kazi wapiga chapa wa Kariakoo, siku hizi nyingi hutumwa kama picha tu. Nakubali. Lakini kilichohamia kwenye simu ni ujumbe. Kadi yenye mchoro hununuliwa kama kitu cha kutunza, na soko la vitu vya kutunza ni dogo, hivyo linataka idadi ndogo. Hata kadi ya kwanza ya Krismasi ya kibiashara, ambayo John Callcott Horsley alimchorea Henry Cole mjini London mwaka 1843, ilipakwa rangi kwa mkono na kuuzwa shilingi nzima ya Kiingereza, bei ambayo mtu wa kawaida wa siku zile asingeimudu. Na mpango wa kadi wa UNICEF ulitokana na picha ya shukrani ya mwaka 1949, iliyochorwa na Jitka Samkova, mtoto wa miaka 7 wa Chekoslovakia, juu ya kioo kwa kukosa karatasi. Walionunua kadi hizo hawakukosa njia ya kupelekeana salamu. Walitaka picha hiyo na walitaka kusaidia watoto.

Wapo wachoraji wanaohofia kwamba kadi ya bei ndogo itashusha hadhi ya mchoro halisi. Sioni hivyo, mradi nyuma ya kadi pamechapwa jina lako, jina la mchoro, mwaka na namna ya kukupata. Hapo kila kadi inayotoka inamwonyesha mtu mwingine kwamba mchoro wenyewe upo. Sheria nayo iko upande wako. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA), na haki ya mchoraji hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Aliyenunua ubao amenunua ubao. Haki ya kuuchapisha hubaki kwako isipokuwa umeiuza kwa maandishi. Kazi ya kuagizwa au ya ajira huwa na masharti yake, kwa hiyo soma mkataba kabla ya kupeleka faili popote. Na haki hiyo inamlinda mwenzako pia: mtindo wa Tingatinga ni wa wote, lakini ndege aliyechorwa na jirani yako wa kibandani si wako kumchapisha. Kwa mpiga chapa, andika kwenye oda yenyewe kwamba faili haitachapwa tena bila idhini yako, umpe asaini, ubaki na nakala.