Gemu Gumu na Gemu Linaloonea

"Mjomba, hili gemu linanionea."

Mpwa wangu ana miaka 11. Alikuwa ameing'ang'ania padi kama mtu anayezuia kamba ya ng'ombe, macho kwenye runinga, na Madeline, yule msichana mwenye nywele nyekundu wa gemu la Celeste, alikuwa ameanguka tena kwenye miiba ile ile. "Nimebonyeza kabla hajaanguka," akasisitiza. "Si umeona mwenyewe?"

Nilikuwa nimeona. Kazi yangu ni kuandika programu, na jioni zangu nyingi huishia kwenye magemu, kwa hiyo sikutaka kumjibu "jitahidi" halafu yaishe. Neno alilolichagua ni zito. Hakusema gemu ni gumu, alisema linamwonea. Mwanafunzi aliyekuta mtihani mgumu hurudi nyumbani kusoma. Anayekwenda kugonga mlango wa mwalimu ni yule aliyepata jibu kisha akawekewa mkasi. Miezi hii nimecheza magemu manne, moja jipya na mengine ya miaka iliyopita, na yote nimejikuta nikiyapima kwa neno la mtoto huyu. Ninapokosea, gemu linanifanya nini?

Celeste lilitoka mwaka 2018. Ni gemu la kupanda mlima kwa kuruka, kushika kuta na kuchomoka hewani, na kila skrini ni fumbo dogo lenye mashimo na miiba. Kompyuta huchora picha 60 kila sekunde, na kila picha huitwa fremu. Katika kila fremu programu hujiuliza swali moja: je, miguu ya Madeline imekanyaga kitu? Ikiwa imekanyaga, anaruhusiwa kuruka. Ikiwa haijakanyaga, haruhusiwi. Inaonekana ni kanuni ya haki kabisa, lakini ukiiandika hivyo hivyo ilivyo, utakuwa umetengeneza gemu linaloonea watu.

Sababu yake iko kwenye mwili wa mchezaji. Jicho linaona ukingo, ubongo unaamua, kidole kinashuka, ishara inapita kwenye padi, na runinga nayo inachelewa kidogo kuonyesha kilichokwisha kutokea. Mtu anayeapa kwamba alibonyeza akiwa bado ukingoni huenda alibonyeza fremu tatu au nne baada ya miguu kutoka. Kwa macho yake yuko sahihi, kwa hesabu ya mashine amechelewa. Mtunzi wa gemu ndiye hakimu hapo, na lazima aamue amsikilize nani.

Maddy Thorson na Noel Berry, watunzi wa Celeste, waliamua kumsikiliza mchezaji. Programu inayoongoza mwendo wa Madeline wameiweka hadharani, nami nimeisoma mstari kwa mstari kwa furaha ambayo wengine huipata kwenye riwaya. Humo imeandikwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, yaani fremu sita, ambapo Madeline yuko hewani tayari lakini ukibonyeza anaruka kana kwamba ardhi bado ipo chini yake. Waandishi wa magemu huiita nafasi hiyo muda wa koyote, kutokana na yule koyote wa katuni za Kimarekani anayekimbia kupita genge na kuendelea kukimbia hewani mpaka atazame chini.

Hisani nyingine zimejificha humo humo. Kichwa chake kikigonga kona ya mwamba wakati anapanda, programu humsogeza pembeni mpaka pikseli nne ili apite. Ukibonyeza kitufe cha kuruka mapema kidogo kabla hajatua, ombi lako huwekwa akiba, na anaruka mara tu anapogusa chini. Ukikishikilia kitufe, nguvu inayomvuta chini hupungua nusu pale kileleni mwa mruko, ukapata kitambo cha kuchagua pa kutua. Hata miiba ina utu: hukuua unapoielekea, ila ukiigusa wakati unaondokea upande mwingine, inakuachia.

Kwa hiyo mpwa wangu alikuwa amepewa fremu sita za bure na bado alichelewa. Ningemwambia hivyo asingeniamini. Celeste lina sehemu ya msaada ambapo mchezaji anaweza kupunguza mwendo wa gemu zima mpaka nusu, kuzuia Madeline asichoke, hata kumfanya asife kabisa, na halimdharau anayeitumia. Nikaifungua, nikashusha mwendo, nikamwambia aruke akiwa amekwisha kutoka ukingoni. Madeline akaruka.

"Kumbe anaruka hewani!"

Akajaribu tena na tena, akitafuta mahali ambapo hisani inakwisha. Alipoipata mipaka yake, akarudisha mwendo wa kawaida mwenyewe, akasema, "Basi ni mimi nachelewa," na hakulalamika tena usiku ule ingawa alikufa mara nyingi zaidi ya mwanzo. Nadhani hilo liliwezekana kwa sababu kufa ndani ya Celeste hakuna gharama. Unarudi kwenye skrini ile ile kabla hujakaa vizuri, na gemu lenyewe hukuhimiza ujivunie idadi ya vifo vyako.

Si magemu yote yalizaliwa na moyo huo. Pac-Man, lililotoka mwaka 1980, kwa kawaida lilikupa maisha matatu, na yakiisha umeisha, kwa sababu mashine yake ilikaa mahali pa biashara na kula sarafu. Mchezaji anayedumu nusu saa kwa sarafu moja ni hasara kwa mwenye mashine. Adhabu ilitokana na hesabu ya pesa. Magemu yalipohamia sebuleni, maisha matatu yalihama nayo, ingawa hakukuwa tena na mtu wa kulipwa. Bei ya kosa niliielewa mapema kwenye kibanda cha gemu cha mtaani kwetu, ambako tulilipa kwa mechi. Mpira ulitawala pale. Sikumbuki mtu aliyetoa pesa zake ili arudie njia ile ile ya pango mara ya tano kwa sababu alikufa kwa bosi, yaani adui mkubwa. Kosa lililopoteza muda lilikuwa kosa lililopoteza pesa, na kila mtoto aliyesimama kwenye foleni alilijua hilo.

Ndiyo maana Hollow Knight: Silksong limenisumbua kichwa. Ni gemu nililolisubiri kama wengi tulivyolisubiri, tangu lilipotangazwa mwaka 2019 hadi lilipotoka Septemba 2025. Team Cherry, kundi dogo la huko Adelaide, Australia, wamechora ufalme wa wadudu ambao sijaona wa kuufananisha nao. Kila kona ina kengele, uzi na vumbi lenye historia, na Hornet, mhusika mkuu, anatembea kama mcheza ngoma anayejua kila hatua. Nalipenda gemu hili. Napenda hata benchi moja katika eneo la Hunter's March lililotegwa mtego, kwa sababu kwa kawaida benchi ni mahali pa kupumzika na kuhifadhi safari yako, na hapa umeketi kwa kujiamini ukaumizwa. Hapo gemu limekufundisha kutazama kabla ya kukaa. Somo gumu, lakini halali.

Ugomvi wangu nalo ni wa hesabu. Hornet huanza na barakoa tano, ambazo ndizo uhai wake. Mabosi wengi, na maadui kadhaa wa kawaida, hukuondolea barakoa mbili kwa pigo moja. Mapigo mawili yanakuacha na moja, la tatu linakuua. Sasa unahangaika, unatafuta vipande vinne vya barakoa vilivyofichwa pande zote za ufalme, unaviunganisha, unapata barakoa ya sita. Unarudi kwa bosi ukiwa umejaa matumaini. Mbili, mbili, mbili: pigo la tatu linakuua vile vile. Umetoka jasho na mbele ya bosi huyo hujaongezewa kitu. Kujiponya nako kunataka hariri, na hariri hupatikana kwa kupiga. Unapiga mara tisa ili upate barakoa tatu, nazo dhidi ya mapigo ya mbili mbili ni uhai wa pigo moja na nusu.

Kuna wanaonijibu kwamba Hornet hujiponya haraka, tena hewani, kwa hiyo mizani iko sawa. Hoja hiyo naikubali nusu. Ndani ya pambano kweli mizani iko sawa, na nimeshindwa na mabosi wa Silksong nikijua kabisa nilipokosea. Kinachoniudhi ni kilichopo kati ya pambano moja na lingine. Ukifa, shanga zako, ambazo ndizo fedha za nchi ile, hubaki kwenye kifukofuko pale ulipoangukia, na ukifa tena kabla ya kukifikia zimepotea. Nawe unaanzia kwenye benchi, ambalo huenda liko mbali. Njia ya kumrudia Last Judge, mlinzi wa lango la ngome kuu, imejaa kuta za kuruka na maadui wa angani. Mara ya kwanza ilinifurahisha. Mara ya kumi na tano ilikuwa haina cha kunifundisha, na kosa nililofanya kwa bosi lilikuwa limekwisha kunitoka akilini kabla sijamfikia tena. Somo la kosa huingia likiwa bado la moto. Watunzi wenyewe walipunguza makali ya baadhi ya mabosi wa mwanzo muda mfupi baada ya gemu kutoka, jambo nililolishukuru, lakini njia ile ndefu bado ipo, na mimi bado nadhani ni sarafu ya Pac-Man inayodaiwa na mtu asiyekuwepo.

Return of the Obra Dinn halina vita. Lucas Pope alilitoa mwaka 2018, lote kwa rangi mbili kama picha ya kuchonga. Mwaka ni 1807, meli iliyopotea imerudi yenyewe bila mtu hai, nawe ni mkaguzi wa bima wa Kampuni ya Uhindi ya Mashariki. Una orodha ya watu 60 na saa ya ajabu inayokurudisha kwenye dakika ya kifo cha kila maiti unayoikuta. Kazi yako ni kuandika kitabuni kila mmoja ni nani na yalimpata nini, kwa kusikiliza lafudhi, kutazama nani amesimama karibu na nani, hata kukagua viatu na soksi za watu waliolala.

Ukikosea? Kimya. Hakuna kengele wala pointi zinazopunguzwa. Gemu huthibitisha majibu matatu kwa pamoja, na mpaka upate matatu sahihi halisemi neno. Namba hiyo imefikiriwa sana. Tuseme umepunguza kila mtu mpaka majina manne yanayowezekana. Kama lingethibitisha mmoja mmoja, ungebahatisha mara nne tu ukampata. Watatu kwa pamoja wana michanganyiko 64, na hapo kufikiri kunakuwa rahisi kuliko kubahatisha. Lakini ukiwa na hakika na wawili, mlango wa kumbahatisha wa tatu umeachwa wazi kidogo, nami nimepita hapo zaidi ya mara moja. Kwa siku tatu nilikaa na jina moja la uongo ambalo nilikuwa nimelijengea mengine manne juu yake. Lilipobomoka, usiku wa manane, nilisimama nikatembea chumbani. Hakuna gemu jingine mwaka huu lililonifanya nisimame.

La nne nalo ni la Pope, Papers, Please la mwaka 2013, na mpwa wangu sijamruhusu kulicheza. Hili linaonea kwa makusudi. Wewe ni ofisa wa mpakani katika nchi ya kubuni ya Arstotzka, mwaka 1982. Unalipwa krediti 5 kwa kila msafiri uliyemkagua sawasawa, na kila siku kanuni zinaongezeka: leo pasipoti, kesho kibali, keshokutwa hati ya pili inayopaswa kufanana na ya kwanza. Saa inakimbia. Nyumbani kuna mke, mtoto wa kiume, mama mkwe na mjomba, na kila jioni unagawa ulichopata kati ya kodi, chakula na moto wa kuota. Ukikosea, mashine inatema karatasi ya onyo papo hapo. Mbili za kwanza kila siku ni bure. Kwa ya tatu unakatwa mshahara.

Hizo mbili za bure ndizo zinazonifanya nilihesabu gemu hili kati ya makubwa. Pope angeweza kukata mshahara tangu kosa la kwanza, na hapo kila mchezaji angekuwa mashine ya kugonga mihuri. Badala yake amekuachia makosa mawili mkononi kila asubuhi, na hakuelezi ni ya nini. Unayagundua siku anapokuja mume ambaye karatasi zake zimekamilika, akipita anakuomba umhurumie mkewe aliye nyuma yake kwenye foleni. Mke anafika. Hana kibali cha kuingia.

Mimi siku hiyo onyo la kwanza nilikuwa nimelipata kwa pasipoti iliyokwisha muda, na la pili kwa jina la mji ambao haupo katika nchi iliyotajwa. Uzembe mtupu, yote mawili. Mtoto wangu wa ndani ya gemu alikuwa mgonjwa. Nilimtazama yule mwanamke, nikatazama saa, nikavuta mhuri mwekundu. Jioni ile nilikuwa na fedha za dawa.