Moto wa Nyasi Ukija, Wewe Utafanya Nini?



Hebu fikiria. Ni saa nane mchana, mwezi wa Agosti, hapa Murongo. Mvua zilishaondoka kitambo na nyasi za vilimani zimekauka kama karatasi. Mama kaenda gulioni, baba yuko safarini. Nyumbani umebaki wewe, bibi na wadogo zako wawili. Mara pua inakuambia: moshi! Unatoka nje. Wingu jeusi limepanda upande wa mlima, na mwewe wanazunguka juu yake wakiwinda panzi wanaokimbia moto.

Utamsubiri baba? Utakata tawi bichi ukapambane? Au utaondoka?

Jibu la swali hilo unatakiwa uwe nalo leo, kabla kiberiti hakijawashwa.

MOTO UNATOKA WAPI?

Radi inaweza kuwasha nyasi, lakini mara nyingi ni sisi wenyewe. Mfugaji anachoma ili majani mabichi yaote. Mkulima anasafisha shamba, upepo unamzidi. Mrina asali anaacha kijinga porini. Mwingine anatupa kipande cha sigara. Kuchoma ovyo ni kosa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kwanza.

KWA NINI UNAKIMBIA HIVYO?

Upepo unausukuma na cheche zinaruka mbele yake. Mlimani ni hatari zaidi, kwa sababu joto hupanda na kukausha nyasi za juu kabla moto haujazifikia. Ndiyo maana moto hupanda mlima haraka kuliko unavyoshuka. Kwa hiyo, usikimbilie juu!

Halafu usijidanganye na tawi lako. Oktoba 2020 moto uliunguza takriban kilometa za mraba 95 za Hifadhi ya Mlima Kilimanjaro. Mamia ya watu, wakiwemo askari wa hifadhi, wanafunzi na wanakijiji, walipanda kuuzima, na bado uliwatoa jasho zaidi ya wiki. Moto mdogo wenye watu wazima wengi unazimika. Moto uliokuzidi kimo, achana nao.

JIANDAE MAPEMA

1. Fyeka nyasi kuzunguka nyumba, kama mita 10 ukiweza. Kuni na majani makavu yakae mbali na ukuta. Nyumba ya nyasi ndiyo ya kuangaliwa zaidi, maana cheche moja inatosha.

2. Usidhani migomba itakukinga. Shina lina maji, sawa, lakini majani makavu na matandazo ya nyasi chini yake hushika moto.

3. Chagueni njia mbili za kutoka na mahali pa kukutania: uwanja wa shule uliofyekwa, au eneo la wazi lisilo na majani. Mto Kagera usiwe kimbilio lenu. Mkondo wake una nguvu, una mamba na viboko, na matete ya ukingoni nayo yanaungua.

4. Wekeni mfuko mmoja karibu na mlango: vyeti, vitambulisho, kadi ya kliniki ya mtoto, tochi, maji, na dawa za kila siku. Ziwe za presha, kisukari, pumu, TB au ARV, zote zinaingia. Dawa si aibu. Kuzikatiza ndiyo hatari.

5. Gawaneni kazi. Nani atamshika bibi mkono? Nani atambeba mtoto? Nani atafungua mbuzi kamba?

WAKATI WA KUONDOKA

Moshi ukielekea kwenu, piga yowe majirani wasikie. Mpigie mwenyekiti wa kitongoji, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114. Vaa viatu na nguo ndefu za pamba, kwani nailoni huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Bibi na watoto waondoke kwanza, hata kama miali bado haijaonekana. Wasiosubiriwa ni baba, mwenyekiti na redio! Ukishatoka usirudi kufuata daftari wala simu.

Je, moto umekuzunguka? Tafuta ardhi tupu au mahali palipokwisha kuungua, lala kifudifudi, funika uso.

MOSHI NAO UNAUMIZA

Chembe zake ndogo huingia hadi ndani ya mapafu. Kitambaa chenye maji hupunguza majivu tu, hakizuii chembe hizo. Dawa ya kweli ni kukaa mbali. Mwenye pumu, mjamzito, mtoto na mzee watangulie. Mtu akihema kwa shida, akipiga mluzi kifuani au akichanganyikiwa, mpeleke zahanati au kituo cha afya haraka.

UKIUNGUA

Nguo ikishika moto usikimbie: simama, lala chini, bingirika. Kisha mwagia jeraha maji safi ya baridi kwa dakika 20. Vua pete na saa kabla hapajavimba. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga, na usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, nenda hospitali.

Sasa kazi kwako. Leo jioni, mkisubiri ndizi ziive, waulize nyumbani: "Moto ukija mchana na ninyi hampo, mimi nifanyeje?" Wakicheka, waache wacheke. Lakini msiende kulala kabla hamjakubaliana.