Je, Wajua? Rembrandt Alichora Nyuso kwa Rangi Chache

Je, wajua kuwa mchoraji Rembrandt wa Uholanzi, aliyezaliwa mwaka 1606, alichora nyuso zenye hisia nzito kwa rangi chache tu, nyingi zikiwa za udongo? Alitegemea zaidi oka, yaani udongo wenye chuma unaotoa manjano na wekundu; amba, ambao ni udongo wa kahawia; nyeusi iliyopatikana kwa kuchoma mifupa; na nyeupe iliyotengenezwa kwa madini ya risasi. Kwa kuwa hapakuwa na rangi kali za kulivuta jicho pembeni, tofauti ya mwanga na kivuli ndiyo iliyobeba hisia, na hata wekundu hafifu wa shavu ukaonekana kuwaka.

Picha aliyojichora yapata mwaka 1628, iliyohifadhiwa katika makumbusho ya Rijksmuseum jijini Amsterdam, imechorwa juu ya ubao usiofikia sentimita 23 kwa urefu, lakini ina ujasiri mkubwa: macho yamezama kivulini kiasi kwamba mtazamaji hulazimika kuyatafuta, mwanga umeangukia zaidi shavu, sikio na shingo, na nywele zilizojisokota zimeonyeshwa kwa kuikwaruza rangi ikiwa bado mbichi, ili tabaka la chini lililo jeupe zaidi lijitokeze. Kuyaficha macho, ambayo wachoraji wengi huyategemea kueleza nafsi ya mtu, ulikuwa uamuzi wa kustaajabisha kwa kijana wa miaka 22 hivi.