Bendi Iliyokataa Kuhurumiwa

Wahenga walinena kwamba hujafa hujaumbika. Methali hii twaitamka mara nyingi tumwonapo mlemavu njiani; twatoa sarafu, kisha twapita zetu. Leo, wasomaji wapenzi, napenda kuwasimulia habari za watu wanne wa mji wa Helsinki, katika nchi ya Ufini iliyoko kaskazini ya Ulaya, ambao hawakuitaka sarafu hiyo. Wao walitaka magitaa, ngoma na kipaza sauti. Na walipovipata, walipiga kelele hata Ulaya nzima ikageuka kuwatazama.

Bendi yao iliitwa Pertti Kurikan Nimipäivät, maana yake "Siku ya Jina la Pertti Kurikka". Katika Ufini majina mengi ya watu yana siku yake katika kalenda, na siku hiyo ikifika mwenye jina hupongezwa na jamaa zake. Ni sherehe ya upole ya nyumbani. Sasa fikiri, ndugu msomaji: bendi ya roki yenye kishindo cha kupasua masikio, nayo inajiita kwa jina la sherehe kama hiyo! Hapo ndipo mzaha wao ulipoanzia.

Pertti Kurikka mwenyewe alipiga gitaa, Kari Aalto aliimba, Sami Helle alipiga gitaa la besi, na Toni Välitalo alikaa nyuma ya ngoma. Wote wanne walikuwa na ulemavu wa akili wa namna mbalimbali. Walikutana mwaka 2009 katika karakana ya sanaa ya chama kiitwacho Lyhty, yaani "Fanusi", ambacho huwahudumia watu wenye ulemavu kama wao. Wakati huo Pertti alikuwa na umri wa miaka 52. Yamkini mtu angeuliza, chipukizi gani huyu mwenye umri wa babu? Lakini muziki walioupenda hauulizi umri wala cheti.

Muziki huo huitwa panki. Ulizuka katikati ya miaka ya 1970 katika miji ya New York na London, miongoni mwa vijana waliochoshwa na nyimbo ndefu za wanamuziki matajiri. Nyimbo za panki ni fupi na za kasi. Mtu akijua kupanga vidole juu ya nyuzi za gitaa kwa namna tatu tu, aweza kupiga wimbo mzima. Linalotakiwa ni kuwa na neno la kusema, na ujasiri wa kulisema kwa sauti kubwa. Basi mabwana hawa wanne walikuwa na neno.

Walisema nini? Hawakuimba juu ya malaika wala juu ya maua. Waliimba juu ya wakubwa wanaowadanganya wadogo. Waliimba juu ya maisha ya nyumba za malezi, ambamo mtu mzima hupangiwa saa ya kula na saa ya kulala. Waliimba juu ya hamu ya kuhamia Kallio, mtaa wa Helsinki uliochangamka, ili wakaishi kama watu wengine. Hayo yote waliyasema kwa hasira na kwa kichekesho pamoja, hata msikilizaji akajikuta anacheka, na akiisha kucheka anaanza kujiuliza.

Mwaka 2012 ilitoka filamu juu ya maisha yao, iliyotengenezwa na Jukka Kärkkäinen na J-P Passi. Filamu hiyo haikuwapamba. Twawaona wakigombana katika mazoezi, wakinuniana, kisha wakipatana. Twamwona Toni asiyetaka kuondoka katika nyumba ya wazazi wake, ingawa ni mtu mzima, na wazazi nao wakiwaza mtoto wao ataishije mbali nao. Mzazi yeyote, awe wa Helsinki au wa kwetu, aielewa mara moja fikra hiyo inayomnyima usingizi.

Tarehe 28 Februari 2015 bendi hii ilishinda mashindano ya Ufini ya kumchagua mwakilishi wa nchi katika Eurovision, mashindano makubwa ya nyimbo yaliyoanza mwaka 1956. Wimbo wao uliitwa "Aina mun pitää", yaani "Daima Yanipasa". Kanuni yasema wimbo usizidi dakika tatu. Wao walitumia dakika moja na sekunde 27 tu. Hadi wakati huo haukuwahi kuimbwa katika mashindano hayo wimbo mfupi kama huo. Na ndani yake mlikuwa na nini? Malalamiko ya mtu anayeamrishwa mchana kutwa: usafi wa nyumba, kwenda kwa daktari, na vitu vitamu anavyokatazwa.

Waweza kucheka, nasi hatuna budi kucheka, maana wenyewe walitaka tucheke. Lakini hebu tutafakari kidogo. Askari ajua vema amri ni kitu gani. Huamka kwa tarumbeta, husimama gwarideni, hula kwa zamu. Hata hivyo askari huyo hupata likizo, hupandishwa cheo, na akirudi kwa mkewe na wanawe husikilizwa. Je, yuko namna gani yule anayeamrishwa tangu utotoni hata uzeeni, na hana likizo, wala cheo, wala mtu wa kumwuliza, "Wewe waonaje?" Huyo ndiye aliyekuwa akiimba.

Nami sina budi kuungama kosa langu. Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, darasani mwangu alikuwamo mtoto mzito wa kuelewa. Nilimkalisha nyuma kabisa ili asiwachelewesha wenzake. Mara kwa mara alipiga kelele, nami nilimnyamazisha, nikidhani ndivyo ulemavu wake ulivyo. Siku moja dada yake mdogo alinieleza kwa adabu, "Mwalimu, kaka yangu asema kutoka kule nyuma haoni ubao." Niliona haya. Mtoto yule alikuwa na hoja tangu siku ya kwanza; aliyekosa masikio ni mwalimu. Nilimhamisha mbele. Hakuwa hodari wa hesabu kwa ajili hiyo, lakini kelele zilikwisha.

Turudi kwa mabwana wetu. Katika siku za mashindano Sami Helle alieleza kwamba hawakutaka watu wawapigie kura kwa kuwaonea huruma. Tarehe 19 Mei 2015 walipanda jukwaani katika mji wa Vienna, Austria, kwenye nusu fainali ya nchi 16. Wakashika nafasi ya mwisho! Naona hapo walipata waliyoyaomba: walipimwa kama wanamuziki wengine, na kushindwa kama wanamuziki wengine. Hawakujificha kwa aibu, bali waliendelea kupiga muziki wao hata Desemba 2016, Pertti alipotimiza miaka 60, ndipo bendi ikavunjwa, kama mtumishi anayestaafu baada ya kazi yake.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, wasema katika kifungu cha 19 kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuchagua mahali pa kuishi sawa na wengine, na katika kifungu cha 30 kwamba ana haki ya kushiriki katika utamaduni na michezo. Hayo ni maneno ya wanasheria. Mabwana wanne wa Helsinki waliyasema hayo hayo kwa ngoma.

Basi, akina mama na akina baba wa kambini na wa kota, yamkini katika nyumba yako yumo mtoto ambaye wageni wakija hupelekwa chumba cha nyuma. Sisemi umnunulie gitaa. Mishahara yetu twaijua. Nasema umpe kazi yake mwenyewe ya nyumbani, hata ikiwa ni kuchota maji au kulisha kuku, na akiikamilisha umsifu kama unavyowasifu wenziwe. Umwulize ataka kuvaa shati lipi. Mgeni akija, akae sebuleni naye amwamkie. Ikipigwa ngoma ya harusi, asizuiwe kucheza. Na akipiga kelele, usiharakishe kumnyamazisha, bali umkaribie umsikilize kwanza. Huenda haoni ubao.